Vikohozi vya Lali Bwanaadi

Harusi tatu, ulikuwa ukisema, huzaa dakika moja.
Basi tukazunguka na kamera yako ya mkono wa pili,
Ijumaa Majengo, Jumamosi Kisauni, Jumapili Bondeni,
ukipiga maharusi walionuna kwa uchovu wa hina
na mashangazi wanaotia biriani mkobani,
hadi dakika zikatimia tisini.
Harusi mia mbili na sabini.
Nilizihesabu mimi, mshika maikrofoni,
mkono ukiniwaka moto hadi begani.

Studio hukuwa nayo. Ulikuwa na chumba cha uani
kwa Bi Mwanaate muuza mbaazi,
feni isiyoanza mpaka isukumwe na rula,
kompyuta unayoifunika leso usiku
kama mtoto mwenye homa.

Na filamu yenyewe, Lali!
Haina jambazi, haina bastola.
Ina winchi ya Kilindini, na ndani yake Kazungu,
peke yake juu kule, anamenya ndizi
na meli inamngoja.
Bwana mmoja wa Nairobi aliitazama yote, akauliza,
"Sasa hadithi iko wapi?"
Ukamjibu, "Iko juu. Haijashuka."

Walikuja wengine na mikataba. Wakaomba risasi moja tu,
mapenzi kidogo ufuoni, mtalii mmoja apotee.
Ukawamiminia kahawa,
ukawaeleza jinsi tangawizi ilivyopanda bei.

Tuliionyesha Kibokoni, kwenye shuka ya Bi Mwanaate,
baada ya isha, watu wasiofika hamsini.
Dakika ya sitini na mbili umeme ukakatika.
Hakuna aliyeinuka.
Kazungu akasimama gizani, akaimalizia kwa mdomo,
kontena lilivyoning'inia, upepo ulivyogeuka,
alivyomwita mkewe jina akijua hasikiki.
Ulikiri mwenyewe njiani tukirudi:
mwisho wake ulikuwa bora kuliko wako.

Kisha wakaanza kuja uani, mmoja mmoja, wanabisha kwa haya.
"Lali, ile harusi ya Salama,
marehemu mama alikaa upande wa jikoni."
Ukaacha kazi, ukatafuta.
Sekunde nne: mama anapangusa kijiko kwa upindo wa leso,
anatazama pembeni, basi.
"Rudisha."
Ukarudisha. Hukumtoza mtu hata shilingi,
na kodi ya Bi Mwanaate ilikuwa imelala miezi mitatu.

Juzi ilikuwa arubaini yako.
Khitma ikaisha, sinia zikaoshwa,
dadako Esha akaja uani akakaa kwenye kiti chako.
"Nionyeshe Lali," akasema.

Nikafungua diski zote.
Maharusi. Winchi. Maharusi. Mvua ya Mwembe Tayari.
Hukumo.
Mara moja tu, kwenye kioo cha kabati la bibi harusi,
kiwiko, chenye kovu la pasi.
Esha akakigusa kwa kidole, kioo kikaingia alama ya mafuta.

Nikakumbuka sauti.
Nikamvika visikizi.
Mikanda mibichi, siku ya tatu bandarini, Kazungu ana ndizi yake,
kimya kile ulichonisumbua nacho wiki nzima,
na nyuma ya kimya, kikohozi.

Ndani ya filamu vyote nilivifuta.
Usiku kwa usiku, kimoja kimoja, kama mtu anayechambua mchele,
nikajisifia masikio yangu.
Huku vimo.
Vile vya mwanzo vikavu, vya kuomba radhi,
vya mwaka wa mwisho vizito, vimebeba kitu,
nasi tukisema ni vumbi la saruji, tukikununulia asali.

Esha alisikiliza hadi adhana ya alasiri.
Akauliza kama vinaingia kwenye simu.
Nikamwambia vinaingia.
Sijavituma bado.